Hilo Swali Uliniuliza Lini?

Mgeni anatazama pembeni.

Nimeisimamisha picha hapo hapo. Upande mmoja ameketi shujaa wa katuni: suti nyeupe, kifuniko cheusi cha kichwa kinachoacha mdomo tu, joho la njano, bangili za nguvu mikononi. Karibu na meza yake imening'inia runinga, na ndani ya runinga hiyo yumo mtu, mtu kabisa, mwenye mikunjo ya uso na kola iliyokaa upande. Shujaa ameuliza swali la kipuuzi. Mtu anajibu kwa adabu zote. Ila macho yake hayako kwa shujaa. Yako kwa mtu mwingine ambaye sisi hatumwoni.

Mara ya kwanza nilicheka hadi nikakohoa. Nikarudisha nyuma sekunde kumi ili nicheke tena.

Safari hii kicheko hakikuja.

Hiyo ilikuwa wiki tano zilizopita, na tangu hapo yale macho yananifuata. Nimejaribu kuandika kuhusu mambo mengine. Nimefuta rasimu mbili.

Shujaa aliyekosa kazi

Kipindi chenyewe ni Space Ghost Coast to Coast. Nilikirudia kwa sababu ya habari ya Machi 2025, kwamba George Lowe, aliyempa shujaa huyo sauti yake nzito ya mtangazaji wa redio, amefariki dunia. Wanaokijua wataruka aya zinazofuata bila kupoteza kitu.

Mwaka 1966 Marekani ilishikwa na homa ya mashujaa wa joho. Januari ilianza Batman ya Adam West kwenye ABC. Septemba, studio ya katuni ya Hanna-Barbera ikaleta Space Ghost kwenye CBS: mlinzi wa anga anayeweza kutoweka machoni pa watu, aliyebuniwa na mchoraji Alex Toth. Kila wiki alipambana na viumbe waliotaka kuteka sayari hii au ile. Homa ikapoa, akasahaulika.

Kisha Ted Turner, tajiri wa televisheni, akainunua Hanna-Barbera mwaka 1991, na Oktoba 1992 akafungua Cartoon Network, kituo cha katuni, kule Atlanta. Kituo kilikuwa na katuni za kale za kumwaga na fedha kiduchu za kutengeneza mpya. Mike Lazzo na wenzake wakafanya linalofanywa na kila mwenye kiporo na mfuko mtupu: wakakipasha moto, wakakitia viungo vipya. Walichukua michoro ya 1966, wakaikata, wakaibandika mbele ya mandhari mapya, wakamkalisha shujaa nyuma ya meza. Tarehe 15 Aprili 1994 mlinzi wa anga akawa mwendesha kipindi cha mazungumzo.

Maadui wake wa zamani ndio wafanyakazi wake sasa, na hawako pale kwa hiari. Moltar, kiumbe wa moto ndani ya suti ya chuma, yuko chumba cha mitambo. Zorak anapiga kinanda na kuongoza bendi. Zorak ni vunjajungu mkubwa wa kijani, na hapa lazima niseme kwamba Kiswahili kimewashinda waandishi wa kipindi kwa mbali. Wao walilazimika kumwandikia uovu wake mstari kwa mstari. Sisi tunamwita tu kwa jina lake, na yeyote aliyeambiwa utotoni kwamba ukimshika mdudu yule utavunja chombo cha kwanza utakachogusa, ameshaelewa kwa nini hafai kuwekwa karibu na mitambo.

Kejeli ya kipindi imefichwa mahali pasipo na makelele. Hakuna anayemwita shujaa mwovu, wala hakuna siri chafu inayofichuliwa. Wamemwondolea adui, basi, kisha wakaiacha kamera iendelee. Ana nguvu zote na hana la kuzifanyia. Anawauliza wageni kama nao wana nguvu za ajabu. Anawauliza kama wanapata oksijeni ya kutosha. Hasikilizi majibu. Akichoka, anainua mkono na miale iliyokuwa ikiokoa sayari inamuunguza mpiga kinanda kwa kosa la kujibu jeuri.

Nimefanya kazi chini ya watu wa namna hiyo. Tuliache hilo.

Jibu kwanza

Kilichonishika ni namna mahojiano yalivyotengenezwa.

Mgeni alirekodiwa peke yake, akihojiwa na mtu wa kawaida, kwa maswali yaliyoandaliwa. Ule mkanda ulipofika kwa waandishi ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Waliyakata majibu vipande vipande, wakayatupa maswali yaliyoyazaa, wakaandika mengine, na Lowe akaja kuyasoma maswali mapya kwa sauti ya Space Ghost. Mgeni aliyekuwa akieleza mapenzi yake kwa muziki anajikuta anaeleza kitu asichokijua hata kwa jina.

Hawakuchukua maneno peke yake. Walichukua na takataka. Mgeni alipomeza mate, alipotazama dari, alipocheka kidogo kwa kutojua acheke au asicheke, vitu ambavyo mhariri wa habari angevifagia chini, wao waliviokota kama lulu. Kupepesa macho mara mbili kuligeuzwa kuwa jibu.

Adam West mwenyewe alipita katika runinga ile. Fikiria picha hiyo. Mtu aliyevaa joho la Batman kwa miaka miwili mbele ya Amerika nzima, mtu wa nyama na damu, amefungiwa kwenye kisanduku kinachoning'inia. Nje ya kisanduku, mchoro wa mwaka uleule wa 1966 unazunguka studio utakavyo na kumuuliza utakacho. Aliye hai hawezi kugeuka amtazame aliyechorwa.

Watu wakizungumzia kuchanganya katuni na picha za watu halisi, kwa kawaida husifu ufundi wa kufuta mpaka: mkono wa katuni umshike bega mwigizaji, kivuli kiangukie mahali pake. Coast to Coast hawakujisumbua na hayo. Katuni huku, mtu kule ndani ya fremu yake, kama mfungwa na mgeni wake wanaoongea kupitia kioo. Nani mfungwa na nani mgeni, nimebadilisha mawazo mara tatu.

Kuna kitu kimoja tu pale ambacho hakikuguswa na mzaha, nacho ni gitaa la Sonny Sharrock. Ule wimbo wa kufungulia ni jazi inayowaka kweli, imepigwa na mtu ambaye ni kama hakuambiwa kwamba anapigia katuni. Alifariki Mei 1994, mwezi mmoja hivi baada ya kipindi kuanza. Baadaye walimtengea kipindi kizima, wakaliacha gitaa lake litambe. Kwa hiyo walijua kunyamaza walipotaka kunyamaza.

Faili la shangazi

Sasa nifike kwenye lile ninalolizungukazunguka.

Miaka mitatu iliyopita nilimrekodi shangazi, dada mkubwa wa baba. Simu juu ya meza, sisi wawili, saa mbili na ushei. Nilitaka wajukuu waje wamsikie. Alinisimulia mengi, na katikati ya hayo mengi akanisimulia siku aliyoitwa akaambiwa kwamba shule kwake imeishia pale, ili ada iliyopo imsukume mdogo wake. Mdogo wake ni baba yangu.

Nikamuuliza, "Uliogopa?"

Akakaa kimya. Kisha akasema, "Nilikuwa mdogo."

Mwaka huu ndipo nikaketi kulihariri faili. Sauti yangu ilinitia aibu. Ninakohoa, ninajikwaa, ninauliza maswali mawili kwa mpigo halafu ninajijibu la kwanza. Nikaona dawa ni nyepesi: majibu ya shangazi nisiyaguse hata moja, ila maswali niyasome upya, kwa utulivu, kama mtu mzima. Na kwa kuwa nayasoma upya, kwa nini nisiyaboreshe?

"Uliogopa?" lilionekana swali la kitoto. Nikaandika jingine: "Kwa nini hukumwambia babu kwamba unataka kuendelea na shule?"

"Nilikuwa mdogo."

Likakaa sawasawa. Kusema kweli lilikaa vizuri kuliko la mwanzo. Nililisikiliza mara kadhaa, nikajipongeza.

Usiku huo nilifanya na jambo moja la ziada. Sauti yangu mpya ilikuwa safi mno, ingejulikana. Nikachukua mvumo wa chumba cha siku ile, ule uliokuwa ukisikika shangazi anaponyamaza, nikautandaza chini ya maswali yangu. Mshono ukapotea.

Nilimpelekea asikilize. Alikaa na mikono mapajani, macho yamefumba, anatabasamu mahali pa kutabasamu. Ilipofika dakika ya kumi na nane akainua kidole.

"Simamisha hapo. Hilo swali uliniuliza lini?"

"Siku ileile, shangazi."

Nilijibu upesi mno. Akanitazama kwa muda.

"Haya, mwanangu. Endelea."

Hakulitaja tena. Alisikiliza hadi mwisho, akanishukuru, akaniuliza nimekula. Njiani nilijiambia kwamba amesahau. Miaka mitatu si haba, na yeye ni mtu mzima. Wiki hiyohiyo, nikitafuta cha kunipumzisha kichwa, nikafungua katuni ya mtu wa joho la njano.

Utetezi wangu, na ulipovuja

Wiki ya kwanza nilijitetea kwa kuwatetea wao.

Wageni wa Space Ghost, nilijiambia, walijua wanaingia kwenye mzaha. Hakuna mtu mzima anayealikwa kuhojiwa na katuni akadhani anakwenda mahakamani. Na jibu halikubadilishwa. Kila neno ni la mgeni mwenyewe, kwa mdomo wake. Kama wao hawana kosa, mimi nina lipi?

Kisha nikarudi kwenye yale macho.

Mgeni anatazama pembeni, na waliotengeneza kipindi wameyaacha macho yake pembeni. Mkato ni wa panga. Sauti ya mgeni ina mwangwi wa chumba kingine, mwanga unatoka upande mwingine, na shujaa anageuza kichwa kwa mchoro uleule alioutumia dakika moja iliyopita. Kila kitu pale kinapiga kelele kwamba watu hawa wawili hawajawahi kuonana. Ule uongo umevaa joho la njano na kusimama katikati ya barabara.

Wangu ulikuwa umevaa mvumo wa chumba.

Nilipolifikia hilo nilipata nafuu kidogo, nafuu ya mtu aliyepata walau jina la ugonjwa. Niliandika hadi hapo na nilikuwa tayari kuchapisha. Hiyo ndiyo rasimu ya pili niliyoifuta. Kwa sababu mshono unaoonekana unamlinda nani? Unanilinda mimi mtazamaji. Mimi ndiye ninayekonyezwa, mimi ndiye ninayeambiwa "unajua na sisi tunajua." Aliye ndani ya kisanduku hakonyezwi na mtu. Kujua kwamba umeingia kwenye mzaha hakukuambii utaulizwa nini ukishaondoka.

Na bado ninacheka, hilo nalo niliseme. Nimetazama vipindi kumi na viwili tangu nianze kujisumbua hivi, na ninacheka.

Wanyama wa Noir

Rafiki niliyemsimulia haya aliniambia nitazame upande wa pili wa karata: tamthilia ya The Boys, msimu wa tatu, wa mwaka 2022. Kejeli ya mashujaa ya siku hizi haina subira ya ile ya 1994. Mashujaa wake ni mali ya kampuni, ni wauaji, na damu inarushwa hadi kwenye kioo cha kamera. Binafsi hunichosha, ikifika saa ya tatu ya matumbo nimeshaelewa hoja.

Ila kuna Black Noir. Shujaa wa mavazi meusi, amejifunika gubigubi, hasemi neno. Katika msimu huo anakimbia, anajificha katika mgahawa wa watoto uliotelekezwa, na pale wanatokea wanyama wa katuni ambao yeye peke yake anawaona. Wanamzunguka, mtu wa kweli katikati ya michoro ya rangi za peremende. Kisha wanaigiza mbele yake yaliyotokea Nicaragua mwaka 1984: kipigo, usaliti, na chanzo cha yeye kuwa bubu. Vicheko vya katuni, macho makubwa ya katuni, na kila wanachokisema ni kweli.

Nilitazama tukio hilo mara mbili mfululizo. Kule Atlanta mtu halisi anasema kweli na katuni inaipotosha. Hapa mtu halisi hawezi kusema, na katuni inamsemea. Kwa dakika chache nilidhani nimepata kanuni: mchoro ukimsemea aliyenyamazishwa ni halali, ukimgeuzia maneno anayesema ni haramu.

Lakini Noir hana wa kumgeuzia maneno. Wanyama wale wanatoka kichwani mwake. Anajiuliza mwenyewe na anajijibu mwenyewe, na anayelisikia swali ndiye aliyelitunga. Shangazi hakuwa na bahati hiyo. Mimi niliingia kichwani mwake na mnyama wangu, nikamwacha humo akiniuliza ametoka wapi.

Sekunde tisa

Kama kuna kitu Coast to Coast walikifanya ambacho sijaona wengine wakikithubutu, ni kimya. Vipindi vingi vya katuni vinaogopa ukimya kama umeme uliokatika. Wao walimwacha mgeni apepese macho, shujaa atazame mbele, Zorak atazame pembeni, na hakuna anayesema chochote hadi kiti ulichokalia kianze kukuwasha. Katika kipindi kimoja Space Ghost anang'atwa na sisimizi, anamwacha mgeni wake, mtangazaji Conan O'Brien, kwenye runinga yake, na kumfuata sisimizi huyo nyumbani kwake. Anatambaa. Anaendelea kutambaa. Dakika zinapita na mtu anatambaa nyuma ya sisimizi. Waliorithi ucheshi huo walijazana Adult Swim, safu ya usiku ya Cartoon Network kwa watu wazima, kuanzia Septemba 2001, wakachukua makelele yake na upuuzi wake. Ile subira wachache sana waliiweza.

Jumamosi iliyopita nililifungua faili la kwanza, lile la kikohozi.

"Uliogopa?"

Nilikuwa nimesahau kwamba kabla ya jibu kuna sekunde tisa. Nimezihesabu. Katika toleo langu safi nilizikata zikabaki kama nusu sekunde, maana baada ya swali jipya ukimya mrefu ungeonekana kama anatafuta kisingizio. Nilifanya uamuzi huo kwa vidole, bila hata kujiambia. Ndani ya sekunde hizo tisa kuna kijiko kinachogusa kikombe. Kuna pumzi inayoanza kuwa neno na kuacha. Ndipo linakuja "Nilikuwa mdogo," na sauti inayolisema si ya mtu anayejitetea. Haijibu hata kama aliogopa.

Na mvumo ule wa chumba, ule niliotandaza chini ya maswali yangu yote, niliuchota hapo hapo.

Nilimpigia jioni.

"Shangazi, lile swali la shule, uliloniuliza nilikuuliza lini…"

"Hukuniuliza," akasema. Hakuwa amekasirika. Alisema kama anavyosema maji yamechemka.

"Sikukuuliza."

"Najua. Nilingoja uniambie." Nikasikia akivuta kiti. "Sasa niko hapa. Niulize."

Nikamuuliza, kwa maneno yaleyale niliyoyaandika, nikajikwaa katikati. Kwa nini hukumwambia babu kwamba unataka kuendelea na shule?

Alinyamaza muda mrefu kuliko siku ile. Upande wake nilisikia mlango ukifunguliwa, mtoto akauliza kitu, naye akamwambia asubiri. Kisha akanijibu, jibu refu, na babu ndani yake hakuwa yule niliyemfahamu.

Sikuwa narekodi.